Zamu Niliyobadilishana na Wifi

3 Septemba, Jumanne

Ukungu asubuhi, upepo wa kaskazini mchana. Kila msimu wa kutenganisha kulungu, hawa tunaowafuga huku kaskazini, nina daftari langu. Naandika hali ya hewa na hali ya wanyama. Watu nawaandika wakiniudhi tu, na ndiyo maana daftari hujaa kabla ya Krismasi.

Leo imekuja barua ya basi la picha za matiti. Kila baada ya miaka miwili basi hilo jeupe hupanda huku kutoka pwani, likaegeshwa nyuma ya duka la ushirika, na kila mwanamke aliyevuka hamsini hupangiwa siku yake na dakika yake. Mimi nimepangiwa tarehe 19, saa nne na dakika ishirini. Tarehe 19 ni siku ya zizi. Kundi zima linateremshwa kutoka mlimani na kila ukoo unatafuta alama zake masikioni mwa wanyama. Mtoto wa miaka minne hapa kwetu anajua kwamba siku hiyo mwanamke hana matiti, ana mikono tu. Msomi aliyekaa kule Kusini na kalenda yake ya maua hajui, wala hajawahi kuuliza.

Ndani ya bahasha kuna kikaratasi cha rangi ya waridi. Mwanamke wa kwenye picha amevaa kaptula, yuko ufukweni, anacheka. Sijui anacheka nini.

4 Septemba

Mvua. Fahali wawili wamevuka uzio.

6 Septemba

Elle amekuja kunywa kahawa, yaani kunywa kahawa yangu.

Huyu ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Mihkkal. Ni miaka thelathini tangu alipomleta kutoka kwa wavuvi wa pwani, na mpaka leo hawezi kutofautisha sikio la mnyama wetu na la jirani bila kuuliza. Anachokijua ni kupaka rangi ya mdomo na kuwauzia watalii supu na kofia. Siku ya zizi kazi yake ni kuchemsha kahawa, na kahawa yenyewe ni maji ya kuoshea vikombe.

"Wifi, wewe umepangiwa lini?"

"Kumi na tisa."

"Siku ya zizi! Hawa watu wana wazimu. Mimi ishirini na nne, na siku hiyo nina Wajerumani arobaini wanataka supu." Akafikiri, jambo ambalo naona humchosha. "Basi si tubadilishane? Nipe barua yako, nikupe yangu. Zamu ni zamu."

Kwetu ndivyo tunavyofanya. Kama zamu ya Mihkkal kulinda kundi mlimani imefika na mgongo unamuuma, anakwenda binamu. Kitabuni jina linabaki la Mihkkal, na kulungu hawajali nani amekaa kwenye hema. Ningeweza kupiga simu kuomba siku nyingine, lakini huko kuna mashine inayokuambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Niibembeleze mashine kwa ajili ya matiti yangu? Nikampa barua. Naye akanipa yake, ina doa la supu.

11 Septemba

Mkutano wa uhamasishaji kwenye ukumbi. Wamemleta bibi mmoja kutoka Kusini, na picha za ukutani, na keki. Tulikuwa wanawake saba, watano wamefuata keki.

Bibi akasema saratani ikipatikana mapema hukatwa ikiwa ndogo na mtu anarudi kazini. Akasema sisi wa huku tunafika tumechelewa. Lile neno alilitaja mara kumi na moja, nilihesabu, analiita waziwazi kama mtu anayemwita mbwa wake. Kwetu halitajwi. Tunasema mtu ni dhaifu, au mtu ameitwa pwani, na anayepaswa kuelewa anaelewa.

"Basi lenu ndilo linalokuja siku mbaya," nikasema kutoka nyuma.

"Asante sana kwa mchango wako, mama," akasema, akaandika. Ninaamini kabisa kwamba aliandika kitu kingine.

15 Septemba

Baridi kavu. Kundi liko chini ya bonde la pili. Mihkkal hasemi kitu, kwa hiyo mambo ni mazuri.

19 Septemba

Siku ya zizi. Matope mpaka magotini, pembe zinagongana, mikono yangu imechunika kwa kamba. Nimewavuta ndama wetu peke yangu wakati vijana wa ukoo jirani wanapiga picha kwa simu zao.

Saa saba Elle akatokea na viatu visafi. "Nimeshabanwa, wifi! Kama mkate kwenye kibaniko!" Akasema hivyo mbele ya wanaume. Nikamwambia ashushe sauti. Akaanza kunieleza habari za Risten, binti wa muuza duka, ambaye siku hizi ndiye anayekaa mezani kwenye basi, na nini alisema na nini akajibiwa. Nikamwambia anisimulie baadaye, fahali anapita. Sikumuuliza tena baadaye. Hadithi za Elle hazina mkia wala kichwa.

24 Septemba

Zamu yangu, yaani yake. Nikaweka barua yenye doa la supu mezani, nikasema bila kupepesa macho, "Elle Sara."

Risten akacheka. "Haya shangazi, ingia tu." Barua hakuitazama hata. Ndio watumishi wa siku hizi, wangekupa hata mshahara wa mtu mwingine.

Ndani kulikuwa na nesi mgeni, mikono baridi. Akanibana titi kwenye kioo kama anayekamua jibini, na wakati nimebanwa hivyo, siwezi kwenda mbele wala nyuma, akaniuliza kwa tabasamu, "Kwa hiyo mna kulungu wangapi?"

Watu wazima wenye adabu hawaulizani hivyo, ni kama kumuuliza mtu ana pesa ngapi benki. Nikamuuliza yeye ana kilo ngapi. Kazi iliyobaki tukaimaliza kimya.

2 Oktoba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka.

14 Oktoba

Elle amepata barua ya majibu: hakuna kitu. Ameipeperusha kijiji kizima kama tiketi iliyoshinda bahati nasibu. Nimemwangalia tu. Picha alizosifiwa ni za kwangu. Kwa hiyo mimi ndiye mzima, na sikuhitaji kupiga kelele.

20 Oktoba

Theluji imekaa. Tunaanza kuhamia malisho ya baridi. Yangu, yaani ya Elle, haijaja.

1 Novemba, Ijumaa

Imekuja.

Jina langu juu ya bahasha. Wanasema picha zimeonyesha kitu wanachotaka kukitazama vizuri zaidi, nifike hospitali ya pwani tarehe 14, saa tano asubuhi, na nisiwe na wasiwasi. Barua inayokuambia usiwe na wasiwasi imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuwa nao.

Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena. Mtu aliyeingia kwenye basi na barua yangu ni Elle. Titi lililoonekana ni la Elle. Na yeye anatembea kijijini na kile kikaratasi chake cha uzima, anawauzia watu kofia.

Nitasema ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Kwanza niliona raha. Ilikaa kidogo tu, kama pumzi mbili. Niliwaza: sasa utanyamaza. Kisha nikaona aibu, nikamkasirikia yeye kwa kunitia aibu. Miaka thelathini nimemvumilia mwanamke huyu na rangi yake ya mdomo, na sasa natakiwa nimhurumie pia.

3 Novemba

Nimekwenda kwake. Ni hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, na nimezitembea polepole. Mihkkal yuko malishoni. Elle alikuwa anakoroga chungu.

"Imekuja barua," nikasema.

Mwiko ukasimama. "Ya basi?"

"Ya basi. Wanataka picha nyingine. Tarehe kumi na nne, pwani."

Akakaa. Uso ukamsawijika, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka. "Ee Mungu. Wifi."

"Si lazima iwe kitu."

"Si lazima," akasema haraka. "Wangapi wanaitwa na wanarudi wazima!"

"Ila mtu aende. Asikae tu."

"Aende, ndiyo. Lakini mtu hawezi kwenda peke yake."

"Hawezi. Tutakwenda wawili."

"Kwa gari langu," akasema. Macho yalimjaa machozi. Nikanywa ile kahawa yake yote ili nisiseme zaidi. Ameelewa vizuri. Nilitegemea vilio na kelele, hakupiga hata kimoja. Labda yupo mtu ndani ya yule mwanamke.

6 Novemba

Elle ameniletea mifupa ya uboho na ulimi uliokaushwa. Mgonjwa ndiye analeta chakula! Ni woga. Anajipa shughuli.

8 Novemba

Leo soksi. Amezifuma mwenyewe, shono la kushoto limepinda. Akakaa ananitazama tu, akanishika mkono bila sababu. "Unalala, wifi?" Nikamwambia mimi nalala vizuri sana. Akatikisa kichwa, akasema, "Una moyo wa chuma." Anataka nimsifu na yeye. Sikumsifu.

10 Novemba

Amempigia mzee Ánte, yule anayewaponya watu kwa kusoma maneno ya sala juu ya damu na uvimbe. Kumbe amempa jina langu asomewe! Nimewaza sana juu ya hilo. Anamficha hata msomaji. Aibu yake imefika mahali pa kumdanganya mtu anayezungumza na Mungu. Nimempigia Ánte mwenyewe, nikamwambia asome na kwa ajili ya Elle. "Wote wawili?" akauliza. Nikamwambia, wewe soma.

12 Novemba

Jua halipandi tena juu ya kilima. Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.

14 Novemba, Alhamisi

Siandiki kwa hasira mara nyingi kama watu wanavyodhani. Leo naandika kwa hasira.

Niliamka saa kumi na moja, nikavaa vazi la heshima, nikajaza chupa ya kahawa, nikakaa karibu na dirisha. Ni safari ya saa tatu. Saa moja nikaona taa za gari la Elle zimewaka na moshi unatoka. Vizuri, nikasema, sasa atakuja, au atapiga honi, au atapiga simu, atasema niko tayari. Mgonjwa hasukumwi. Huwezi kumfuata mtu mlangoni na kumwambia twende ukaambiwe una nini. Yeye ndiye anayesema neno, ninyi mnafuata. Hivyo tumelelewa, na hata wavuvi wa pwani nadhani wamelelewa hivyo.

Gari liliunguruma saa moja na nusu. Nilimwona Elle ndani, kofia kichwani, mikono kwenye usukani, anatazama huku kwangu. Sikutoka. Nisingemtolea macho ya kumharakisha. Kisha, saa mbili na nusu, taa zikazimika. Akashuka, akaingia ndani.

Ameogopa! Mwanamke anayepanda jukwaani mbele ya Wajerumani arobaini na kuimba, ameshindwa kukanyaga mafuta. Nimevua vazi langu. Kahawa nimeimwaga.

15 Novemba

Hajaja. Mimi pia sijaenda.

19 Novemba

Mvua juu ya theluji, kisha baridi. Barafu imefunga malisho. Mihkkal amerudi kuchukua chakula cha wanyama, ananiangalia kama ninayekaribia kuvunjika. Wanaume wa ukoo huu wakipewa siri, uso wao unaitangaza.

25 Novemba

Hospitali wamepiga simu. Sauti ya binti, laini kama siagi.

"Mama, hukufika tarehe kumi na nne."

"Mtu hakuwa tayari."

"Mtu gani, mama?"

Nikakata simu. Akapiga tena, huyo binti ana kichwa kigumu, ninampa sifa hiyo. Ameandika tarehe nyingine, 4 Desemba. Akasema daktari hapendi hili jambo lisubiri. Lisubiri! Hawa watu walitupangia siku ya zizi, na sasa wanatufundisha haraka.

Lakini hilo la kusubiri limenikaa. Siku kumi na moja zimepotea kwa woga wa Elle na adabu yangu. Kesho kutwa nitamwambia usoni. Ningefanya hivyo tangu mwanzo kama ningekuwa nampenda.

27 Novemba

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Nilimkuta anashona kofia za watalii. Sikukaa.

"Uliogopa," nikasema. "Gari limeunguruma saa moja na nusu, nimekuona kwa macho yangu, ukazima ukaingia ndani. Huna haya wewe?"

Elle akaweka kofia chini. "Mimi niogope nini? Nilikuwa nakungoja utoke."

"Nitoke niende wapi? Anayesema neno ni mgonjwa!"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nikangoja. Hukutoka. Nikasema moyoni, hajawa tayari, nisimsukume. Nimelia wiki nzima, wifi, Mihkkal ananiambia niache, wewe utasema ukiwa tayari."

Nikamtazama. Nilidhani ugonjwa umeshampanda kichwani.

"Elle," nikasema, na sikuwahi kusema naye polepole hivyo. "Zile picha ni zako. Wewe ndiye uliyeingia na barua yangu."

"Niliingia na barua yako, lakini kwa jina langu." Alikuwa amepauka. "Risten ananijua tangu ana kamasi puani, ningemdanganyaje? Nilimwambia tumebadilishana zamu. Akacheka, akafuta, akaandika upya: mimi kumi na tisa, wewe ishirini na nne. Nilikuja kukuambia siku ile ile pale zizini. Ukaniambia fahali anapita."

Nikamkumbuka Risten mezani kwenye basi: Haya shangazi, ingia tu.

"Kwa hiyo ulidhani..." Elle akaanza, akaziba mdomo kwa kiganja. "Wewe siku zote hizi ulidhani ni mimi?"

Naandika hapa jibu: ndiyo, na nilikuwa nakudharau kwa ugonjwa wangu mwenyewe. Nilidharau soksi zako. Nilikuwa nakuonea huruma kwa kiburi, na kile kilichokuwa kinakua kilikuwa kinakua kwangu, chini ya vazi langu la heshima, pale dirishani, nikiwa na chupa ya kahawa.

Nina hofu. Sijui kuiandika kwa namna nyingine. Nilikwenda chooni kwa Elle, nikajipapasa, nikakikuta kitu upande wa kushoto, chini kabisa, ambacho mwezi mzima ningeweza kukikuta kama ningeamini mwili huu ni wangu. Msimu huu nimewaandika wapumbavu wengi kwenye daftari hili. Mkubwa wao alikuwa ameshika kalamu.

28 Novemba

Siwezi kula.

1 Desemba

Elle amelala kwangu, kwenye kochi. Anakoroma. Sijamfukuza.

4 Desemba, Jumatano

Safari ya pwani, giza kwenda na giza kurudi. Elle anaendesha kama anayefukuzwa na polisi na anaongea njia nzima: bei ya sufu, Wajerumani, meno ya Mihkkal. Nilitaka kumwambia anyamaze, kisha nikatambua kwamba akinyamaza nitasikia mawazo yangu.

Wamepiga picha, wamechoma sindano. Daktari ni kijana mwenye ndevu za kutafuta. Akafungua karatasi zake.

"Kwa nini hukuja tarehe kumi na nne?"

"Nilikuwa namngoja mgonjwa awe tayari," nikamwambia.

Akaangalia karatasi, akaniangalia, akamwangalia Elle. Elle akaanza kucheka, na ndani ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikamwambia daktari asimjali, ni mtu wa pwani.

9 Desemba

Nyuzi thelathini na moja. Fahali mmoja amekufa kwa njaa kwenye barafu. Simu haijalia.

13 Desemba, Ijumaa

Imelia saa nne. Nimesikiliza, nikasema asante, nikauliza tarehe. Watakata tarehe 2 Januari. Ni ndogo, kama punje ya njegere, lakini kwapa watalitazama siku hiyo hiyo waone kama imefika huko, na yule daktari wa ndevu alisema wazi kwamba angependa zaidi kuiona katikati ya Novemba.

Mchana tukala kwa Mihkkal, sisi watatu. Supu ya nyama na viazi. Mdogo wangu alikula nusu bakuli kabla hajapata ujasiri.

"Dada. Wamesemaje huko?"

Elle akafungua mdomo. Namjua, alitaka kunisaidia, angesema dada yako ni dhaifu kidogo, ameitwa pwani. Nikamwekea mkono juu ya mkono.

"Saratani," nikasema. "Titi la kushoto."

Hakuna aliyeanguka. Bakuli zilibaki mezani. Masikio ya Mihkkal yakawa mekundu kama ya mtoto.

"Kwa hiyo inarithiwa? Watakuuliza kama kwetu imewahi kuwepo."

"Wameshauliza."

"Ukawaambia haipo."

Alikuwa na miaka kumi na tisa tulipomzika mama. Mimi na shangazi ndio tuliomwosha mama, sisi wawili tu tuliliona titi lake, na kule nje wanaume waliambiwa ni mapafu. Tuliona ndiyo heshima. Nimeishi na heshima hiyo miaka thelathini na nane, na Mihkkal ana mabinti wawili.

"Nimewaambia mama alikuwa nayo," nikasema.

Akainua uso. Kijiko kilikuwa bado mkononi. "Mama alikufa kwa mapafu," akasema, na alikuwa ananiuliza mimi.